Dresa na Mistari Minne

Tete-tete-tete-tete. Hivyo ndivyo zilivyolia sindano ndani ya sufuria ya zahanati yetu pale Likoni, maji yakichemka juu ya stovu na mabomba ya kioo yakigongana kama meno ya mtu mwenye homa. Nimesikia mengi maishani, ngoma za harusi, adhana, feri ikigonga gati, lakini nikifumba macho sauti inayotangulia ni hiyo. Na nyuma yake huja sauti ya Dresa: "Dakika ishirini, Mwanasiti. Ukipunguza moja, umemchoma mtu uchafu."

Jina alikuwa nalo, bila shaka, na mamake alimwita kwalo. Sisi tulimwita Dresa, kuanzia Mtongwe mpaka Timbwani, hata msikitini. Kazi yake ilikuwa kufunga vidonda, kuchoma sindano, kugawa dawa ya kikohozi, na kuwaandikia barua ya kuvuka kwenda hospitali kubwa kisiwani wale ambao maradhi yao yamemshinda. Mimi nilikuwa aya wake: nafagia, nateka maji, nachemsha sindano, naita majina ya watu kwenye benchi. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, hesabu zikanitupa nje, nikarudi nyumbani nikiwa na miaka kumi na sita na ndoto nyingi kuliko nguo.

Zile dakika ishirini hazikukaa bure. Dresa hakuweza kuona muda umekaa bure, kama mwingine asivyoweza kuona mkate uko chini asiuokote. Maji yakianza kuchemka alinisimamisha mbele ya kabati la dawa nisome Kiingereza kwenye chupa. Ndiyo maana nilijua kuandika "sumu" kwa Kiingereza kabla sijajua kuandika "habari ya asubuhi". Yeye mwenyewe alifungua kitabu chake cha hesabu akakisoma wima, mguu mmoja juu ya debe, midomo ikimchezacheza. Sufuria ikiteremshwa, vitabu vinafungwa, na mgonjwa wa kwanza anaitwa. Tulisoma hivyo miaka miwili, ishirini baada ya ishirini, na sijaona shule nyingine niliyoipenda vile.

Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii. Hakumtangazia mtu. Ila kiti cha mgonjwa kilikuwa upande wa kulia wa meza, siku zote, na mgeni akija akasimama kushoto na kuanza kueleza tumbo lake, benchi zima lilimwelekeza. "Zunguka huku, mwanangu," walimwambia, "huko ni ukuta." Dresa alisikia, maana la kulia lilikuwa kali kama la paka, akatabasamu na kuendelea kukunja bendeji.

Lakini hata ukuta ulikuwa na kazi yake. Akija mume mkali kulalamika kwamba mkewe amepewa dawa bila yeye kuulizwa, Dresa alimkaribisha kwa adabu zote, shikamoo na marahaba, habari za nyumbani, habari za shamba, kisha akamkalisha kushoto. Bwana yule alisema mpaka akachoka. Dresa alitikisa kichwa taratibu, akamshukuru kwa kuja, na kesho yake mke akapewa dawa ile ile. Akina mama walimpenda kwa hilo kuliko kwa dawa zenyewe.

Alikuwa mtu wa usafi hata kukera. Kucha zangu alizikagua kama askari anayekagua bunduki. Lakini mfuko wa koti lake jeupe ulijaa njugu za kukaanga pamoja na maganda yake, akitafuna kati ya mgonjwa na mgonjwa. Nilipomuuliza usafi uko wapi hapo, alinijibu kwamba mfuko haumchomi mtu sindano.

Na jambo jingine, ambalo naliandika kwa mapenzi, si kwa kumcheka. Dresa aliogopa sindano. Alikuwa amechoma nusu ya Likoni, watoto wakamlilia, wazee wakamlaani kwa sauti ya chini, lakini siku daktari mkubwa alipovuka kutoka kisiwani kuja kutuchanja sisi wafanyakazi, Dresa alibadilika rangi akawa kama jivu. Alishika ncha ya leso yangu, akaikunja mkononi, akatazama dari. Watu wa benchi waligeuzia macho mlangoni kwa heshima. Mtoto mmoja ndiye aliyesema, "Dresa, usilie, nitakupa njugu." Alicheka mpaka machozi yakamtoka, au huenda machozi yalikuwa yameshakuwapo, akachanjwa hivyo hivyo.

Maneno yake yalikuwa machache na aliyarudia. Mtu akisema atarudi kufungwa kidonda baada ya sikukuu, alijibiwa, "Kidonda hakijui Idi." Mimi nikiharakisha, niliambiwa polepole ndiyo dawa ya pili. Na mtu akipona akaja kumshukuru, na ndizi zake mkononi au mayai ndani ya kikapu cha ukili, Dresa alirudi nyuma hatua moja kama aliyetishwa. "Mshukuru Mungu," alisema. "Mimi nimeshika pamba tu."

Nimeshika pamba tu. Nililisikia neno hilo mara mia. Kwetu mtu hajisifu, hilo tunalinyonya na maziwa. Anayejitaja kwa uzuri anasubiriwa aanguke. Lakini Dresa alizidi. Bi Mwanatumu wa Mtongwe, bibi mwenye ulimi na moyo mpana, alikuwa na donda la mguu lililokuwa limekataa kila dawa, ya hospitali na ya msituni. Dresa alimfunga miezi kumi na moja. Siku za mvua, bibi asipoweza kuja, alimfuata kwa miguu kwenye matope, viatu mkononi. Lilipofunga, Bi Mwanatumu alicheza ngoma pale mlangoni, bila ngoma. Dresa akajibu kwamba ni pamba.

Sasa nieleze ile fomu, maana mtu yule huwezi kumjua bila hiyo.

Alitaka kuwa daktari. Hakuwa akilisema, nililiona kwa jinsi alivyotazama begi la yule daktari mkubwa, kama mtoto anavyotazama sinia ya biriani ikipita kwenda kwa wakubwa. Wakati huo udaktari ulisomwa mahali pamoja tu Afrika Mashariki yote, chuo kikuu kule Uganda, na walioingia walikuwa vijana waliotoka shule kubwa za bweni na vyeti vya daraja la kwanza. Dresa alikuwa na miaka ishirini na saba. Mtihani wa sekondari aliufanya peke yake, bila mwalimu, kwa zile ishirini zake. Mara ya kwanza akaanguka, ya pili akapata daraja la tatu. Hesabu, alisema mwenyewe, alipita kwa tundu la sindano.

Fomu ilikuja ndani ya bahasha kubwa ya kaki. Aliijaza kwa siku tatu. Ya nne, sufuria ikichemka, akanisomea kwa Kiswahili alichoandika, nimwambie kama kina adabu.

Palikuwa na swali: una kasoro yoyote ya mwili? Hapo Dresa alieleza sikio lake lote, mistari tisa, mpaka akaingia pembeni mwa karatasi: tangu lini, linavuma vipi, upepo wa kusi ukivuma linafanyaje. Chini yake palikuwa na mistari minne mitupu. Waliuliza: eleza uwezo wako, na kwa nini tukuchague wewe. Alikuwa ameandika nusu mstari. *Nimehudumu katika zahanati miaka sita. Wako walio bora kuliko mimi.*

"Basi?" nikamuuliza.

"Basi."

"Na Bi Mwanatumu? Na yule mtoto wa mtaa wa Shika Adabu aliyemeza sarafu?"

"Hayo nitayasemaje mimi mwenyewe, Mwanasiti? Hayo husemwa na watu."

Nilicheka, nikarudi kutazama sufuria. Akaipeleka hivyo. Baada ya miezi mitatu likaja jibu la mistari miwili, la heshima, kwamba nafasi ni chache. Dresa alilisoma, akaligeuza, na nyuma yake akaandika hesabu ya watoto waliochanjwa wiki ile. Mchana ule alisoma kitabu chake kama kawaida, mguu juu ya debe. Ila hakugeuza ukurasa hata mmoja.

Mwaka uliofuata akaomba tena. Safari hii chuo kiliandika kwamba miaka ya mwombaji ikizidi ishirini na minane hafikiriwi tena. Yeye alikuwa anatimiza hiyo hiyo. Kwa hiyo fomu ile ilikuwa ya mwisho, na nilipochungulia mezani nikaona, wallahi, sikio mistari tisa na sifa nusu mstari. Alikuwa amejaribu. Palikuwa na maneno mapya kuhusu vidonda, kisha ameyakata kwa kalamu, mstari mmoja ulionyooka wa rula.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, siku ya akina mama na watoto. Dresa alikuwa amevuka kwenda kisiwani kuchukua dawa za mwezi, bahasha ameiacha wazi mezani akisubiri picha yake kutoka kwa mpiga picha. Nilikuwa nimefundishwa kwamba siri ya meza ya Dresa haitoki mlangoni. Ilitoka. Nilimwambia Bi Mwanatumu, na Bi Mwanatumu akaliambia benchi.

"Anasema hawezi kujisifu," nilisema.

"Na ni kweli, hawezi," akasema Bi Mwanatumu. "Asifuye mvua imemnyea. Iliyomnyea yeye ni ipi? Imetunyea sisi. Lete karatasi."

Nikamwambia chuo kile ni cha Kiingereza. Akaniuliza kama huko Uganda hakuna mtu hata mmoja ajuaye Kiswahili. Basi nikakaa kwenye kiti cha Dresa, mara ya kwanza na ya mwisho, na wao wakapanga mstari upande wa kulia kama walivyozoea. Kila mmoja neno moja tu, niliwaambia, karatasi ni mbili. Mama wa Shika Adabu akasema mwanawe alishikwa miguu akapinduliwa, sarafu ikatoka, na Dresa akamrudishia sarafu ile baada ya kuichemsha. Mwingine akasema Dresa huita mtoto kwa jina lake kabla ya kumchoma. Mmoja akamhamisha mtoto bega la pili, akasema, "Andika kwamba wangu wa kwanza alikufa. Andika pia kwamba Dresa alikuja kuzika." Nikaandika.

Wengi hawakujua kuandika, na kidau cha wino wa vidole hatukuwa nacho. Kulikuwa na ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomo. Nikaimimina kwenye kifuniko. Vidole gumba thelathini na kimoja, vingine vimetulia vizuri, vingine vimeteleza kama konokono. Nikazikunja karatasi zile mbili, nikazitia ndani ya bahasha chini kabisa.

Dresa alirudi na feri ya alasiri. Akakuta njia nzima kutoka gati watu wana vidole vya zambarau, akaja mbio akidhani maradhi ya mdomo yameingia Likoni. "Nani amefungua ile chupa?" akauliza. Nikamwambia ilimwagika. Huo ni uongo wangu mmoja kwake, na haukuniacha nilale vizuri. Akatia picha, akafunga bahasha, akaituma.

Aliitwa kuhojiwa kisiwani. Tulimpigia pasi kanzu, akaikataa, akavaa suruali na koti la kuazima. Aliporudi hakuniita. Alikaa, akavua viatu, akavipanga. Habari yenyewe niliipata kidogo kidogo, baada ya siku nyingi. Aliingia chumbani, akawasalimu mabwana wanne wa chuo mmoja mmoja, na habari za nyumbani kwao, na za safari, mpaka mwenye saa akakohoa. Kisha mmoja, mzee wa Kizungu aliyeishi bara na kujua Kiswahili, akafungua karatasi mbili mbele yake na kumuuliza madoa haya ya zambarau ni nini. Dresa akayatazama.

"Ni dawa ya vidonda, bwana," akajibu, maana ndiyo kweli.

Mzee yule akasoma yote kwa sauti, akiwatafsiria wenziwe, na Dresa amekaa pale akisikia kwa sikio moja sifa alizokimbia miaka saba.

Alinikasirikia. Alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini. "Umenifanya kama bwana harusi aliyejilipia ngoma." Baada ya hapo, wiki nzima, niliagizwa kwa kidole: maji, pamba, mlango. Sindano zilichemka dakika ishirini na hakuna aliyesoma. Nilisimama mbele ya kabati nikizitazama zile chupa na herufi zote zikawa maji. Siku ya nane aliweka mbele yangu chupa mpya, akaigonga kwa ukucha. "Soma," akasema. Nikasoma.

Barua ilikuja mvua za vuli zikianza. Dresa aliisoma wima, akaitia mfukoni pamoja na njugu, akamaliza kufunga kidonda cha mvuvi aliyekuwa kwenye kiti, akanawa mikono. Kisha akanipa. "Soma wewe," akasema, "nione kama unaona ninavyoona." Kwa Kiingereza changu cha chupa nilisoma polepole: amepokewa kwa majaribio, miaka miwili ya sayansi kwanza, akipita, udaktari, asipopita, anarudi. Halafu Bi Mwanatumu akapiga kigelegele mpaka watoto wakashtuka.

Dresa akarudi nyuma ile hatua yake moja. "Mimi nime—"

"Nyamaza, mwanangu," akasema bibi. "Leo hukushika pamba."

Akaondoka na sanduku la bati na kitabu cha hesabu. Sitaeleza kuagana, tulikuwa wengi na nililia kipumbavu.

Miaka ikapita. Tukaletewa dresa mwingine, mtu mzuri, mwenye masikio mawili, na watu wakaendelea kukaa kulia. Kiti hakikuhamishwa.

Nilimwona tena mwezi ule wa uhuru, wakati kila cherehani Likoni ilikuwa ikishona bendera. Asubuhi nilisikia mtu akisema hodi, nikageuka, na yule mtu akaingia akakaa kwenye kiti cha mgonjwa kama mwenye kikohozi. Amekonda, amevaa miwani.

"Shikamoo, Dresa," nikasema, kisha nikaona aibu. "Au niseme daktari?"

"Marahaba. Sema Dresa. Daktari bado."

Akanieleza kwamba mwaka mmoja alianguka, hesabu zilimfuata mpaka Uganda, akaurudia. Kwamba darasani hukaa benchi la mbele, mwisho wa kushoto, ili mwalimu awe upande wake wa kulia, na wenzake walidhani anajipendekeza mpaka walipoelewa. Imebaki miaka, alisema. Hakutaja mingapi. Nilimpa njugu, akazitafuna, akatupa maganda mfukoni.

Halafu akatoa bahasha ya kaki na kuiweka juu ya meza, upande wangu. Ilikuwa fomu ya mafunzo ya uuguzi, hospitali kubwa. Walichukua wa darasa la nane, lakini wachache, na waliangalia alama.

"Hesabu zangu si unazijua," nikamwambia.

"Zangu ndizo huzijui."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

"Wiki ile niliyokuagiza kwa kidole," akasema, "nilikukosea. Mwenye haki ya kukasirika hakuwa mimi. Niwie radhi, Mwanasiti."

Nilimwambia yameshapita. Nilitaka kusema zaidi, lakini watu walikuwa wameshasikia yuko ndani, na Bi Mwanatumu alikuwa anapandisha ngazi na fimbo yake, akiuliza kwa sauti kama ni kweli mwanawe amerudi na bado hajui kunenepa. Dresa akasimama kumpokea. Kabla hajamfikia alirudi mara moja mezani, akafungua ile fomu ukurasa wa pili, akaweka kidole gumba juu ya mistari minne mitupu, akanitazama. Kisha akaenda kumshika bibi mkono. Jioni alivuka.

Siku ya pili yake adhuhuri, dresa mpya akiwa msikitini na benchi likiwa tupu, niliwasha stovu na kubandika sufuria. Maji yakachemka, tete-tete-tete. Nikakaa upande wa kulia wa meza na kufungua kalamu. Una kasoro ya mwili? Hapana, nikaandika, neno moja. Nikafika kwenye ile mistari minne.

Niliandika kwamba najua kuchemsha sindano bila kuiba hata dakika. Kwamba mtoto akiniona na bomba mkononi hulia kidogo, halafu huacha. Kwamba nimejifunza kusoma kwenye chupa na sijawahi kumpa mtu dawa ya mwingine. Masikio yaliniwaka moto kana kwamba Likoni nzima imesimama nyuma yangu ikisoma. Rula ilikuwa pale pale, karibu na kiwiko. Nikaisukuma ikaanguka chini ya meza, nikaiacha huko, nikaendelea kuandika mpaka mistari minne ikajaa, na neno la mwisho likapanda pembeni mwa karatasi.

Hapo ndipo nilipoinuka kuteremsha sufuria. Zilikuwa zimepita dakika ishirini na tano, na maji yalikuwa yamebaki kidole kimoja.